Kalipa Haikuwa na Kosa

Gari langu ni saluni kuukuu: breki za diski mbele, za dramu nyuma, halina ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande breki ikikanyagwa), na limepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kunifikia. Nilipokabidhiwa funguo nilipewa pia bahasha ya risiti. Nyingi zilikuwa za breki, na za breki zenyewe karibu zote zilihusu gurudumu moja, la mbele kushoto. Pedi mpya. Diski mpya. Raba za kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Kalipa nzima. Kisha pedi tena. Kila fundi alifanya kazi yake akaandika vizuri alichobadilisha, na kila baada ya muda gari lilirudi na malalamiko yale yale: rimu ya moto, harufu ya pedi kuungua, usukani kuvuta kushoto, pedi za kushoto kwisha huku za kulia bado nene.

Zile risiti nilizisoma zote kabla sijashika spana, na mpaka leo naona ndizo kifaa bora nilichokuwa nacho. Kitu kikibadilishwa na tatizo likarudi, kikabadilishwa tena na tatizo likarudi, hicho ni majeruhi. Aliyemjeruhi yuko pembeni anaangalia. Kalipa ya dukani inaweza kuwa mbovu, hutokea, lakini si kila inapofungwa, tena kwenye gurudumu lile lile tu.

Tabu ya breki ni kwamba sehemu inayoungua ndiyo inayoonekana. Unavua tairi, unakuta diski imegeuka buluu kwa moto, pedi imebaki bati tupu, na akili inakimbilia hapo hapo. Ukishafungua, ushahidi umeupoteza: presha iliyokuwa imenaswa kwenye paipu imetoka, pistoni inayosukuma pedi umeirudisha ndani kwa nguvu, joto limepoa. Unafunga vipya, gari linatembea vizuri kwa muda, kila mtu anaridhika. Ndiyo maana gari lenye kesi ya breki naliendesha kwanza, spana baadaye.

Kuliendesha nako kuna namna yake. Natafuta barabara tambarare isiyo na msongamano, naenda umbali wa kutosha magurudumu kupata joto, halafu naliacha gari lipunguze mwendo lenyewe, breki naigusa kidogo tu mwishoni. Ukikanyaga kwa nguvu, magurudumu yote yanapata moto na huna tena cha kulinganisha. Nikishasimama nazunguka gari nikisogeza kiganja karibu na kila rimu. Karibu, si juu yake. Gurudumu lililoshika linaunguza ngozi kabla hujajua. Mwenye kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali atapata namba zake. Asiye nacho, tone la maji linatosha. Likichemka na kuruka, jibu amepata. Ninalinganisha kushoto na kulia kwenye ekseli moja. Mbele na nyuma silinganishi, kwa sababu gari likipunguza mwendo uzito unahamia mbele, breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa, na ni kawaida ziwe na joto zaidi.

Hapo hapo nasikiliza usukani. Wengi husema tu "gari linavuta" na kuishia hapo, wakati ni lazima ujue linavuta lini. Likivuta kushoto na mguu wako hauko kwenye breki, breki ya kushoto haijaachia. Likivuta kushoto unapokanyaga tu, mtuhumiwa wa kwanza yuko kulia: kushoto kunafanya kazi yake, mwenzake ndiye mvivu. Nimeshuhudia kalipa ya kushoto ikivuliwa kwa kesi ya namna hiyo, kumbe mgonjwa ni pini ya kalipa ya kulia, ile ambayo kalipa huteleza juu yake, iliyoganda kwa kutu. Gari langu lilivuta kushoto muda wote, na kadiri safari ilivyorefuka ndivyo lilivyozidi kuvuta. Hiyo ni breki iliyoshika, wala haina mjadala.

Nikalipandisha. Jeki peke yake siiamini. Stendi zinakaa chini ya gari na magurudumu yaliyobaki chini yanawekewa vizuizi, kwa sababu kazi hii inataka uwe unakanyaga pedeli na kuzungusha magurudumu huku gari likitikisika. Nikakanyaga mara chache, nikaachia, nikazungusha gurudumu moja moja kwa mkono. La mbele kulia lilizunguka, pedi zikigusa diski kwa mlio mwepesi, ambao ni wa kawaida kabisa. La mbele kushoto halikusogea. Nililiacha kidogo nikarudi, nikakuta limeanza kulegea, na baada ya muda niliweza kulisukuma kwa mikono miwili.

Ule ulegevu wa taratibu ulinizindua. Chuma kilichoganda, iwe pistoni yenye kutu au pini iliyokauka grisi, hakijilegezi chenyewe gari likiwa limesimama. Kinachopenya polepole ni mafuta.

Kulikuwa na dalili nyingine, ya gurudumu la nyuma kulia. Gari kama langu lina masta silinda, pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli, yenye njia mbili za mafuta zilizogawanywa kimshazari: njia moja inalisha mbele kushoto na nyuma kulia, nyingine inalisha mbele kulia na nyuma kushoto. Wameligawa hivyo ili njia moja ikipasuka bado ubaki na breki moja ya mbele na moja ya nyuma. Kwa mtafuta ugonjwa, mgawanyo huo ni zawadi. Kama presha ingekuwa inanaswa ndani ya masta silinda, gurudumu la nyuma kulia lingeshika pamoja na la mbele kushoto, maana wanakula sahani moja. La nyuma kulia lilikuwa jepesi. Kwa hiyo tatizo lilikuwa baada ya njia kugawanyika, mahali fulani kati ya pale na kalipa. Kuna magari ambayo njia moja ni ya mbele na nyingine ya nyuma, kwa hiyo jua kwanza la kwako liko vipi ndipo utumie hoja hii.

Wakati huo alikuwa amepita mzee mmoja jirani, fundi aliyestaafu, akasimama kuchungulia.

"Nipeli umefungua?" akaniuliza.

"Bado, Mzee."

"Basi usiguse kingine, kijana. Hiyo ndiyo itakayokwambia kama ni chuma au ni mafuta."

Nipeli ni kile kibolti chenye tundu nyuma ya kalipa, cha kutolea upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta. Nikakanyaga breki tena mpaka gurudumu likashika, nikavika mpira mwembamba kwenye nipeli, ncha ya pili ndani ya chupa, nikailegeza. Mafuta yalichomoka mara moja, kama kijiko hivi, na gurudumu likaachia hapo hapo. Nililizungusha kwa kidole. Kalipa iliyoshika kwa sababu ya pistoni au pini ingeendelea kung'ang'ania hata mafuta yakitoka yote. Hii iliachia presha ilipotoka, maana yake ilikuwa inashikiliwa na presha, na presha hiyo ilikuwa imezuiwa kurudi ilikotoka.

Nikafunga nipeli, nikakanyaga tena, likashika tena. Safari hii sikugusa kalipa. Nilikwenda mahali paipu ya chuma inapoungana na paipu ya mpira, karibu na ukuta wa ndani wa tairi, nikalegeza nati ya paipu ya chuma kidogo tu. Yalitoka matone mawili matatu yasiyo na nguvu, na gurudumu likabaki limeshika vile vile. Presha ilikuwa upande wa kalipa, upande wa masta silinda hapakuwa na kitu. Kilichobaki katikati ni kipande cha paipu ya mpira, kirefu kidogo kuliko mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, ambacho hakikutajwa kwenye risiti hata moja.

Kwa nje kilikuwa kizuri. Hakina ufa, hakina uvimbe, hakivuji, na nadhani ndiyo maana kila aliyekitazama alikiacha. Lakini katikati yake kuna kibati kinachoizunguka paipu na kuishikilia kwenye mwili wa gari ili isisuguane na tairi. Kile kibati kilikuwa kimeota kutu kwa ndani, kati ya bati na mpira. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa kuwa kibati kimebanwa pande zote, nafasi pekee ilikuwa kuelekea ndani, kuuminya mpira. Nilipoivua paipu nilijaribu kupuliza kwa mdomo: pumzi ilipita kwa shida. Nikaipasua kwa kisu kufuata urefu wake. Mwanzoni tundu lilikuwa la mviringo, safi, jeusi linalong'aa. Nilipokaribia kibati likaanza kubonyea, na chini yake kabisa kuta mbili zilikuwa zimekutana, zimeacha mwanya usiopitisha hata njiti ya kiberiti.

Mtu atauliza, sasa mafuta yalikuwa yanakwendaje kwenye kalipa? Mguu una nguvu. Ukikanyaga, pedeli inazidisha nguvu hiyo, busta inaongeza, na masta silinda inasukuma mafuta kwa presha kubwa inayoweza kufungua mwanya uliobanwa. Kurudi hakuna anayesukuma. Ndani ya kalipa hamna springi ya kurudisha pistoni. Kinachoirudisha ni raba yake ya mraba: pistoni ikitoka nje raba inajikunja kidogo kuifuata, ukiachia inajikunjua na kuivuta nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Ni nguvu ndogo mno, inatosha kurudisha mafuta kwenye njia iliyo wazi na basi. Mbele ya paipu iliyobanwa haifui dafu. Paipu inakuwa kama mlango unaofunguka upande mmoja, pedi zinabaki zimegusa diski, zinapata moto, na moto nao unatanua mafuta yaliyonaswa, breki inazidi kukaza. Ndiyo maana gari lilizidi kuvuta kadiri safari ilivyorefuka.

Kuna paipu nyingine zinazoziba bila kibati kuhusika: utando wa ndani unazeeka, unabambuka, kipande kinaning'inia na kujifunga chenyewe mafuta yanapotaka kurudi. Dalili ni zile zile na kipimo ni kile kile. Kinachoharakisha ubovu huo ni mazoea mawili ninayoyaona sana. La kwanza ni kuiacha kalipa ining'inie kwenye paipu ya mpira wakati wa kubadilisha pedi. Ifunge kwa waya kwenye springi, uzito usiwe juu ya mpira. La pili ni kuibana paipu kwa koleo ili mafuta yasimwagike. Mpira wa nje unarudi hali yake, utando wa ndani haurudi.

Nilibadilisha paipu za mbele zote mbili. Ya kulia nayo niliikata: kutu ilikuwa imeanza, tundu bado lilikuwa wazi. Miaka michache tu na kesi ingehamia upande ule. Kalipa ya kushoto, ile mpya iliyolaumiwa, ipo mpaka leo. Niliivua pini zake, nikazisafisha, nikazipaka grisi ya silikoni (grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha vifuniko vyake vya mpira, na pini iliyobanwa na mpira uliovimba ni mbaya kuliko pini isiyo na grisi kabisa), nikairudisha.

Kama gurudumu lingeachia nilipolegeza nati ya paipu ya chuma, ningehamia kwenye masta silinda. Huko kuna tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kikopo cha mafuta ya breki, ambalo linafunguka pistoni ya masta silinda ikirudi mwisho wa njia yake. Pistoni isiporudi kabisa, tundu halifunguki, mafuta hayana pa kwenda. Mara nyingi sababu ni ndogo kiasi cha kuudhi: fimbo kati ya pedeli na masta silinda imerefushwa, au swichi ya taa za breki imefungwa karibu mno ikawa inaizuia pedeli kurudi juu. Breki zikishika zote kwa pamoja baada ya mtu kubadilisha swichi hiyo, mimi siangalii gurudumu lolote kabla ya kuangalia swichi. Kipimo kingine ni kulegeza nati zinazofunga masta silinda kwenye busta na kuivuta mbele kidogo, bila kufungua paipu. Magurudumu yakiachia, tatizo liko nyuma ya masta silinda, kwenye fimbo au pedeli.

Gurudumu lilipopona ndipo nilipoanza kuisikia pedeli yenyewe. Ilikuwa inakwenda chini mno mguu wa kwanza, wa pili inapanda na kuwa ngumu. Nakiri kwamba hii ndiyo dalili inayopotosha watu kuliko zote, kwa sababu mtu akisikia pedeli imezama anasema "upepo" na kuanza kutoa upepo, chupa baada ya chupa ya mafuta.

Pedeli mbovu si za aina moja, na mguu unaweza kuzitofautisha ukitulia. Ikiwa laini yenye kudunda, unahisi kitu kinasinyaa chini ya kiatu, huo ni upepo kweli, au paipu ya mpira iliyochoka inayovimba ukikanyaga. Ikiwa ngumu lakini ukiishikilia inazama polepole mpaka sakafuni, na hakuna pa kuvuja nje, raba za ndani ya masta silinda zimechoka na mafuta yanazipita. Ikiwa ndefu mguu wa kwanza na nzuri mguu wa pili, mara nyingi shida si upepo. Kuna kitu mbali na mahali pake, na mguu wa kwanza unatumika kukifikia. Kwenye gari lenye dramu nyuma, kitu hicho huwa ni shuu, vile vipande vinavyosugua dramu kwa ndani, zilizo mbali na dramu. Hata beringi ya gurudumu iliyolegea huleta dalili hiyo: diski inayumba, inazisukuma pedi nyuma, na mguu unaofuata unakuta pengo.

Nikavua dramu za nyuma. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka. Vumbi hilo halipulizwi kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, maana pedi na shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na huwezi kujua kwa macho. Nilililowesha kwa maji na kulifuta na matambara yaliyotupwa baadaye. Kirekebishi, ile fimbo yenye nyuzi na gurudumu la meno linalojizungusha shuu zikilika, kilikuwa kimeganda kwa kutu pande zote mbili. Shuu zilikuwa zimelika na kirekebishi hakikuzifuata. Juu ya hapo mtu alikuwa amekaza sana kebo ya breki ya mkono ili kufidia. Ukiikaza kebo hivyo, shuu zinavutwa kutoka kwenye kikalio chake, kirekebishi kinakosa nafasi ya kucheza, na hata kikiwa kizima hakifanyi kazi. Utaratibu ni kulegeza kebo kabisa, kuzisogeza shuu kwa kirekebishi mpaka dramu ipite kwa kugusa kidogo, kukanyaga pedeli mara kadhaa zikae katikati, ndipo kebo ikazwe. Nikafanya hivyo, na pedeli ikapanda juu kwa mguu wa kwanza bila tone moja la mafuta kutolewa.

Nilipokuwa huko nilifunua vifuniko vya mpira vya silinda ndogo za nyuma, zinazosukuma shuu. Hapo ndipo pa kutazama. Silinda inaweza kuvuja ndani ya kifuniko kwa muda mrefu kabla tone halijaonekana nje, na mtu anabaki kuongeza mafuta kwenye kikopo akishangaa yanakwenda wapi. Silinda zangu zilikuwa kavu.

Mafuta ya breki yenyewe niliyakuta ya rangi ya chai nyeusi. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya maji kutoka hewani, kupitia raba na kila kikopo kinapofunguliwa, na maji yanashusha kiwango cha kuchemka. Viwango vyenyewe vinaeleza: DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 haitakiwi kuchemka chini ya 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Sasa chukua mafuta ya miaka mingi, uyaweke kwenye kalipa iliyoshika kama ile yangu, halafu shuka mlima mrefu. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unasinyaa, pedeli inakwenda sakafuni bila onyo. Zikipoa breki zinarudi, na dereva anakuja gereji na kisa ambacho hakuna fundi anayeweza kukirudia. Kwa gari kuukuu nabadilisha mafuta kila miaka miwili, hata kama rangi bado inapendeza. DOT 5 ni ya silikoni, ni kitu tofauti, haichanganywi na hizo nyingine licha ya namba kufanana.

Kabla sijayabadilisha nilitazama raba ya mfuniko wa kikopo. Mtu akiwahi kuweka mafuta ya injini au ya usukani kwenye breki, raba hiyo huvimba na kulainika, haikai tena vizuri mahali pake. Ikiwa hivyo, kila raba kwenye mfumo mzima imevimba: za masta silinda, za kalipa, za silinda ndogo, hata paipu za mpira. Hapo hakuna cha kusuuza. Raba zote zinabadilishwa na paipu za chuma zinasafishwa, la sivyo gari litakula kalipa moja baada ya nyingine. Nimekutana na gari la hivyo mara moja na mwenyewe alichagua kuliuza, uamuzi ambao siwezi kumlaumu ila namhurumia aliyelinunua. Raba ya kikopo changu ilikuwa bapa na ngumu.

Kutoa upepo kwenye gari lenye umri nako kuna mtego. Mazoea ni msaidizi kukanyaga pedeli mpaka sakafuni. Katika matumizi ya kawaida pistoni ya masta silinda haifiki mwisho. Sehemu ile ya mwisho ya silinda hukaa miaka bila kusuguliwa na huota kutu na uchafu. Ukiisukuma pistoni mpaka kule, kingo za raba zinapita juu ya ukwaruzo huo na kuchanika, na pedeli iliyokuwa nzima asubuhi inazama jioni. Naweka kipande cha ubao chini ya pedeli kiizuie kufika mwisho.

Kutetemeka kwa pedeli sitakusemea sana. Watu husema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, imetofautiana unene, na chanzo huwa kutu iliyobaki juu ya habu, kitovu ambacho diski hukaa juu yake, diski mpya ilipofungwa. Diski inakaa upande kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, inagusa pedi mahali pamoja kila mzunguko, na taratibu pale panalika. Brashi ya waya kwenye habu kabla ya kufunga diski inazuia sehemu kubwa ya hayo. Kabla ya kuichonga, soma unene wa chini uliochapwa kwenye diski yenyewe.

Shemeji yangu ana pikapu, na yake ilikuwa inakula pedi za mbele. Pande zote mbili sawa, kushoto na kulia, hakuna gurudumu linaloshika, hakuna linalovuta. Alishabadilisha aina za pedi, zote zikaisha haraka vile vile. Hapo swali la kushoto na kulia halina kazi. La kuuliza ni kwa nini mbele kunafanya kazi peke yake. Nikaingia chini. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu yenye mkono unaopima jinsi mwili wa gari ulivyoshuka: gari likibeba mzigo linashuka, valvu inapeleka presha zaidi nyuma, likiwa tupu linapanda, valvu inapunguza ili magurudumu ya nyuma yasigande na kuteleza.

"Shemeji, springi za nyuma uliongeza lini?"

"Zilikuja hivyo. Kwa nini?"

Gari lilikuwa limeinuliwa kwa majani ya springi ya ziada, ekseli ikawa mbali na mwili kuliko kiwandani, na mkono wa valvu haukuguswa. Hata pikapu ikiwa imejaa mzigo, valvu iliamini ni tupu. Breki za nyuma zilikuwa zinapata presha kidogo, shuu zake karibu mpya, na za mbele zikibeba kila kitu. Fundi alifunga geji za presha mbele na nyuma, akaurekebisha mkono ule mpaka vipimo vikakaa kama kitabu cha gari kinavyotaka. Pedi alizofunga siku hiyo bado zipo. Akiongeza jani lingine la springi, kama anavyosema anataka, valvu itabidi ipimwe upya, na hilo nimeshamwambia.